Bangili Ndiyo Msemaji

Siku hizo mjamzito hakuulizwa anaumwa wapi. Bangili ya kliniki ilimsemea. Ya Nyamvula ilisema yeye ni mzima, ingawa kichwa kilimgonga na macho yalikuwa yameacha kuona pembeni.

"Bangili haijaona kitu, mama," nesi alimwambia.

"Na mimi siuoni mlango!" Nyamvula alifoka.

Mumewe, Chengo, alichoka kubembeleza. Akaenda kwa daktari wa kliniki nyingine, akayaeleza maumivu yale kana kwamba ni yake. Alisikilizwa papo hapo, kwa kuwa wanaume hawakuvishwa bangili.

"Inaelekea tezi ya chini ya ubongo imevimba," daktari alisema kwa mshangao. "Lakini hiyo huwapata zaidi wajawazito."

"Basi ni mke wangu! Mmemfanya bubu!"

Daktari aliagiza Nyamvula aletwe haraka. Kisha akafunga mlango, akashika tumbo lake la mimba, bangili ikiwa mkononi.

"Kaka," alinong'ona, "na mimi kichwa kinaniuma. Utanisemea?"