Godoro la Kupigia Picha

Sekela, binti wa kujitolea katika huduma ya taifa, alikuwa siku ya tatu akizoa tope nyumbani kwa Bi Namsifu, mjane aliyeachiwa kuta tupu na mafuriko. Mkuu wa kikosi chake akafika na mpiga picha na godoro moja. Akamkabidhi bibi, akachekea kamera.

“Lirudisheni garini,” akaagiza. “Bado nyumba tisa.”

Bi Namsifu akajilaza juu ya godoro. “Ng'o! Nipigeni picha nimelala.”

“Mwondoe huyu!” mkuu akamfokea Sekela.

Sekela akavitazama viatu vya mkuu vinavyong'aa, akasonya. Akamshikisha mkuu koleo la tope mkononi, kisha akaketi ukingoni mwa godoro, akaanza kumkanda bibi miguu iliyovimba.