Mto Wenye Adabu

Mbaluka alipaka nyumba yake chokaa kuanzia chini hadi usawa wa kifua, akaishia hapo. Juu ukuta haukuwa na neno. Chini ndiko ulikokuwa ule mstari wa matope, alama ambayo mto uliiacha mwaka uliopita ulipoingia ndani bila hodi, ukabeba kitanda, magunia ya ndengu, jiko zima na mbuzi wa mkewe.

"Na mtu akiuliza, Baba Mutindi?" Katunge, mkewe, akasema, amesimama na ndoo ya chokaa.

"Akiuliza nini? Mafuriko gani?"

Katunge akamtazama kama anayetazama maziwa yaliyoganda.

Shida ilikuwa bima. Gedion, wakala mmoja wa Mtito Andei, alikuwa amemweleza kwa simu kwamba kampuni yake haikatii bima nyumba ambayo mto ulishaizoea. Mkaguzi angekuja Alhamisi. Akikuta pakavu, Mbaluka anaandikiwa. Akikuta matope, kwaheri. Na masika yalikuwa yanakaribia. Mto ukija tena kabla ya bima, yeye na Katunge hawangekuwa na la kufanya ila kwenda kukaa kwa mashemeji Nunguni, na mashemeji hao walikuwa na midomo.

Kwa hiyo aliita mwethya. Kikundi hicho, ambacho siku nyingine huchimbiana matuta mashambani, safari hii kilizika ushahidi. Kila mtu wa kando ya mto alikuwa ameoshwa, na kila mtu alitaka bima. Wakapaka chokaa nyumba zote. Wakafukia mashimo yaliyochimbwa na maji. Vijana wakapanda miti kutoa majani na mifuko iliyonasa kwenye matawi, maana hata mkaguzi mjinga anajua majani makavu hayapandi mti yenyewe.

Mzee Nyamai wa kanisa peke yake ndiye aliyekataa. Alisema hawezi kudanganya, ameokoka. Wakambembeleza hadi akakubali kwamba akiulizwa atakohoa.

Alhamisi, bodaboda ikamshusha mwanamke mwenye gambuti na mkoba.

"Hamjambo? Naitwa Ciku. Nimetumwa na—"

"Aiii, madam! Kaa kwanza, kula!" Mbaluka akamkata.

Huku kwao mgeni haulizwi shughuli yake kabla hajashiba. Ni aibu, ni kama kumwuliza ataondoka lini. Kwa hiyo Ciku akala muthokoi, akaongezwa kuku, akaongezwa chai. Alipomaliza, hakuna aliyekumbuka kumwuliza, kwani kila mtu alishajua.

"Mzee," Ciku akaanza, "mwaka jana maji ilifika wapi?"

"Maji gani, madam?"

"Ya mto."

"Ah! Hiyo mto yetu iko na adabu. Inapita kule chini, inasalimia, inaenda."

Ciku akakunja uso. "Lakini nilisikia familia za hapa zililala kanisani mwezi mzima."

"Ilikuwa kesha."

"Kesha ya mwezi mzima?"

"Sisi tunaomba sana."

Majirani waliojaa uani wakaitikia amina. Ciku akamgeukia Nyamai, kwa kuwa alionekana mtu wa Mungu. "Mzee, ni kweli?"

Nyamai akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Ni vumbi," Mbaluka akaeleza haraka. "Huku ni kukavu sana."

Ciku akazunguka nyumba. Akasimama kwenye mawe matatu ya jiko, ambayo sasa yalifunikwa kwa karatasi ya nailoni juu ya vijiti. "Na jikoni?"

"Tulibomoa. Mama Mutindi anapenda hewa."

Hapo Ciku akamwendea Katunge, akamshika mkono, akamvuta kando kidogo. Mbaluka akasogea ili asikie. Mkewe hakuwa na mzaha na wale mbuzi. Alikuwa amewanunua kwa jasho lake la kuuza nyanya Kibwezi, akawapa majina, na mmoja alikuwa na mimba.

"Mama, usiogope mtu," Ciku akasema kwa upole. "Nimekuja kwa sababu yenu. Mlipoteza kitu?"

Katunge akafungua mdomo. Akawatazama majirani, wote wameganda, akamtazama mumewe aliyekuwa akimsihi kwa nyusi. Machozi yakamjia, akayameza.

"Hapana," akasema. "Hatukupoteza kitu."

Mbaluka alimpenda mwanamke huyo wakati huo kuliko siku ya harusi. Angeweza kumbeba mgongoni hadi Nunguni na kurudi, akiwatukana mashemeji njiani.

Ciku akashusha pumzi. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Woi, asante Mungu. Sikulala, nikiwaza vile nitawapata. Kumbe walioniambia walinidanganya."

"Ni wivu tu, madam."

"Basi hapa pamebarikiwa."

"Amina!" ua wote ukajibu, na safari hii hata Nyamai hakukohoa. Watu wakaanza kusalimiana kwa mikono kama waliofunga harusi. Mbaluka akamsindikiza mgeni hadi njiani akimbebea mkoba, kifua mbele, akiwaza jinsi ambavyo masika yakija atalala usingizi mzito na mto ufanye utakavyo.

Bodaboda ilipowasha injini, Ciku akaweka simu sikioni.

"Musyoka, uko barabara ya Mombasa bado? Usishushe kitu. Geuza hiyo lori na hiyo ingine, hizo mabati, unga na magodoro zote zipeleke Kitui. Huku hakuna mtu alifurikiwa."