Ishirini na Nne kwa Kumi na Tano

Mwalimu Leodgar aliandika nne yake kama kiti kilichopinduliwa miguu juu, na kila alipoiandika, Apolinaria aliacha kunakili akaikazia macho.

"Bibi," Zuena alimnong'oneza, "ukimtazama hivyo mtoto wa watu, watasema mjane anatafuta mchumba."

Benchi zima lilicheka. Apolinaria alitabasamu kidogo, akarudi kwenye daftari lake.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Darasa la jioni lilifanyika katika ukumbi wa parokia, Tabora mjini, kuanzia saa kumi na moja, na tangu mwaka juzi hakuwahi kukosa hata siku moja. Mwaka wa kwanza Mwalimu Advera aliwafundisha kusoma. Neno la kwanza ambalo Apolinaria aliweza kulisoma peke yake, kabla hata ya jina lake mwenyewe, lilikuwa jina lililoandikwa chini ya cheti cha zahanati alichokihifadhi ndani ya Biblia. Mwaka wa pili akaja Mwalimu Leodgar na hesabu. Jioni hiyo Apolinaria alirudi nyumbani akapiga magoti mpaka yakamuuma, akimshukuru Mungu.

Masomo yalifunguliwa kwa sala. Walipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, Apolinaria alifunga mdomo, akawaacha wenzake wapite, kisha akaungana nao mbele. Gerson, dereva wa bajaji aliyekaa nyuma yake, alikwishazoea kuisikia sauti ile ikikatika.

Siku hiyo walijifunza vipimo vya mgandamizo. Mwalimu alianza na tairi la Gerson: geji moja inasema paundi thelathini, nyingine inasema bar mbili, na upepo uliomo ni ule ule. Akawaonya wasiiamini namba kabla ya kujua imepimwa kwa kipimo gani. Halafu akauliza kama kuna mwenye swali.

Apolinaria alisimama. "Na presha ya mwili, Mwalimu?"

Mwalimu alieleza kwamba mashine nyingi husoma kwa milimita za zebaki, ndiyo ile mia na ishirini kwa themanini wanayoisikia hospitali. Zipo chache, za msaada kutoka nje, zinazosoma kwa kilopaskali. Hizo, ukitaka kuzigeuza, unazidisha kwa saba na nusu.

"Nigeuzie ishirini na nne kwa kumi na tano."

Chaki iligonga ubao. Mia na themanini. Mia na kumi na mbili na nusu.

"Huyo ni mgonjwa wa kukimbizwa hospitali," Mwalimu alisema.

"Alirudishwa nyumbani. Aliyempima aliona ishirini na nne, akasema presha imeshuka."

Apolinaria aliwasimulia taratibu jinsi mumewe Alois alivyoshikwa na maumivu ya kichwa katikati ya shamba la tumbaku, miaka kumi na mmoja iliyopita, walivyomfikisha kwa baiskeli kwenye zahanati ya mtu binafsi ambayo siku hizi imefungwa, na jinsi alivyomzika siku ya tano. Hakulia. Alisimulia kama mtu anayesoma somo la kanisani alilolifanyia mazoezi.

Mwalimu Leodgar aliitupa chaki mezani. Wanafunzi hawakuwahi kumwona na hasira.

"Mtu asiyejua kipimo anachokisoma hafai kumgusa mgonjwa," alisema. "Huo si ujinga, mama. Huo ni uuaji."

"Hata kama alikuwa kijana tu, anajitolea?"

"Hata kama."

"Na kama siku hizi ameacha, ana kazi nyingine, watu wanamheshimu?"

"Popote alipo, atajwe."

Zuena ndiye aliyesema iandikwe barua. Mwalimu hakusita. Aliiandika mwenyewe kwa mganga mkuu wa mkoa, akiwasomea kila sentensi, na alipofika kwenye kipimo aliandika 24/15 kwa tarakimu kubwa. Aliomba mhusika atafutwe, na asikabidhiwe tena watu wa kuwahudumia, katika kazi yoyote. Wanafunzi kumi na mmoja walipanga mstari kusaini. Watatu kati yao hawakuwahi kusaini kitu maishani. Walizoea dole gumba. Gerson aliirudia saini yake mara mbili ili ipendeze.

Zilibaki nafasi mbili tu ambazo Mwalimu alikuwa ameziacha wazi: tiba aliyopewa marehemu, na jina la mhusika.

"Alimpa dawa gani, mama?"

"Uji wa chumvi. Vijiko vitatu kila bakuli, ili presha ipande. Nilimnywesha mimi, kwa mkono wangu, siku nne."

Kalamu ya Mwalimu ilisimama. Aliuliza, kwa sauti ambayo Zuena alilazimika kuinama ili aisikie, zahanati hiyo ilikuwa upande gani.

Apolinaria alifungua Biblia, akatoa cheti, akakikunjua na kukilaza juu ya barua, nne kando ya nne, viti viwili vilivyopinduliwa kwa mkono mmoja.

"Jina lipo hapo chini, Mwalimu," alisema. "Wasomee wenzangu."