Kompyuta ya Swabrah

Kwa mara nyingine Marjan aliifungua kompyuta ya Swabrah, akaipuliza vumbi, akaipima diski na betri, asione ubovu wowote.

Alikuwa fundi wa kompyuta huko Walukuba, Jinja. Swabrah alitoka Mbale kila baada ya wiki chache, mashine kwapani, akilalamika kwamba inakwenda polepole. Mafundi walikuwepo Mbale, lakini alisema hana imani nao. Alikuwa akikaa kwenye benchi mpaka jioni, akisimulia habari za soko alikouza vitambaa, na Marjan alifanya kazi taratibu kuliko ilivyohitajika. Alimpenda. Hakuwahi kumwambia.

Kwa kuwa mashine yenyewe ilikuwa nzima, alibaki kuushuku mfumo endeshi aliouweka mwenyewe mwanzoni, FreeBSD. Mafundi wenzake walitumia Linux, na ubishi kati yao haukuisha, ingawa mifumo yote miwili ni ya ukoo mmoja wa Unix. Safari hii alimwomba Swabrah amwachie mashine. Akaongeza diski ya pili yenye Linux, akaishindanisha mifumo hiyo kwa kazi za kila siku: kuwaka, kufungua mtandao, kuonyesha video, kuchapisha.

Katika kunakili mafaili FreeBSD haikupitwa. Lakini kwenye mtandao ilijikokota, video zilikwama, na kifuniko kikishafungwa mashine haikuzinduka mpaka izimwe kabisa. Linux ilifanya yote hayo bila shida. Marjan alirudia majaribio akiomba awe amekosea. Kisha akaufuta mfumo alioutetea miaka yote, akaacha Linux, kwa sababu ni Swabrah.

Alipokuja kuichukua, Marjan alimweleza kila kitu kwa fahari.

"Haitakusumbua tena," alimwambia. "Huna haja ya kuhangaika na safari za Jinja."

Swabrah aliitazama skrini. "Hata mara moja moja?"

"Hata hiyo."

Alishukuru, akaondoka kabla chai haijamiminwa.

Miezi ikapita. Kila mlango ulipolia Marjan aliinua kichwa, na kila mara alikuwa mtu mwingine. Mwishowe alivaa kanzu yake ya Idi, akapanda basi la Mbale, akirudia moyoni maneno ambayo angepaswa kuyasema zamani.

Nyumbani kwao alipokewa na Nulu, dada mkubwa wa Swabrah, mwalimu wa shule ya msingi. Alimketisha, akampa chai, akamweleza kwa upole kwamba Swabrah ameolewa Bombo. Posa ya bwana mmoja wa huko ilikuwa imekaa muda mrefu bila jibu, kisha siku moja Swabrah alirudi kutoka Jinja, akasema anakubali.

Marjan alikiweka kikombe chini. Akauliza kama kompyuta ya Swabrah inakwenda vizuri huko Bombo.

Nulu alimtazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

"Kompyuta ni yangu, fundi," alisema. "Naandikia mitihani tu, na tangu ulipoitengeneza mara ya kwanza haijawahi kunisumbua. Swabrah hajui hata kuiwasha."