Mbonyeo wa Mzee Haidari

Mzee Haidari aliomba chaki. Alipopewa, aliinama juu ya boneti ya Pijo yake akauzungushia duara ule mbonyeo wa katikati, wa mviringo, mpana kama sinia.

"Hapa pasiguswe," alisema. "Kutu toa. Viti shona. Rangi piga, ileile ya maziwa. Lakini hapa pabaki hivihivi."

"Sawa, babu," alisema Chiku.

Gari lilikuwa limekuja likivutwa na trekta, majani yameota hadi kwenye sakafu. Chiku alikuwa fundi bodi pekee wa kike kwenye gereji za Kibaoni, na hajawahi kuachiwa gari zima. Yeye alipewa madigadi za bajaji na matangi ya pikipiki. Mafundi wenzake walishamwambia bila kuficha: akiharibu hili, arudi kwenye bajaji zake moja kwa moja.

"Liligonga nini, babu?" aliuliza siku ya kwanza.

Mzee alikaa kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa, akanyoosha mguu wake wa kulia, ule wa kuchechemea.

"Kitu kibishi. Ilikuwa kwenye foleni ya kivuko, kabla daraja halijajengwa. Honi ikapigwa, chenyewe kikasimama palepale."

"Ng'ombe?"

"Hakuna tofauti kubwa," alisema Mzee.

Alikuja karibu kila siku na fimbo yake, akakaa kwenye ndoo yake. Fundi wa injini alipolifufua gari, Chiku alimkaribisha Mzee nyuma ya usukani alisikilize linavyonguruma. Mzee akakataa.

"Mimi siendeshi. Sijawahi. Dereva atakuja siku ya kulichukua."

Siku nyingine Chiku alikuwa anafungua boneti, zikadondoka karanga mbili, zimekauka kama kokoto. Mzee aliziokota, akazipuliza vumbi, akazitia kwenye mfuko wa shati.

"Zangu hizi," alisema.

Chiku alicheka kimoyomoyo. Wazee wengine hawatupi kitu.

Kisha akaja mnunuzi kutoka Morogoro, mtu wa kukusanya magari ya zamani na kuyauza Dar. Alilizunguka gari mara mbili, akapiga picha, akasimama mbele ya boneti.

"Mzee, nyoosha hapa tu, nalichukua leoleo. Huu mbonyeo unakushushia bei."

"Huo mbonyeo ndio gari," alisema Mzee Haidari. "Hayo mengine yote ni ya kuubebea."

Mnunuzi alimtazama Chiku, kama anayeuliza huyu babu ana nini. Chiku akainamia msasa wake.

Hatimaye ikabaki boneti peke yake. Mzee akasema kesho atamleta dereva. Chiku alitoka mbio kwenda dukani kununua rangi ya kumalizia.

Aliporudi alimkuta Valentino, fundi wa banda la jirani, anajifuta jasho kwa shati lake. Boneti ilikuwa imenyooka kama meza.

"Nimekusaidia, dada," alisema Valentino. "Nimeona umechelewa, na chaki ulishazungushia."

Chiku alilitazama lile duara. Gereji zote za pale, fundi akizungushia chaki maana yake ni moja tu: nyoosha hapa. Yeye mwenyewe alifanya hivyo kila siku. Mzee alichora, na yeye akasimama pembeni akisema sawa.

"Mbona unaliangalia tu?" aliuliza Valentino. "Hata asante?"

Chiku aliiweka rangi chini. Alichukua nyundo ya mpira, akapiga. Ukatoka mbonyeo mdogo kama sahani. Akaunyoosha, akapiga tena. Safari hii ulifanana na papai lililokanyagwa. Akaunyoosha na huo, akaweka nyundo chini. Ile rangi hakuifungua.

Kesho yake Mzee Haidari alikuja na mke wake, Bi Amira, mama mnene mwenye miwani ya jua, anazungusha funguo kidoleni.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Amira. "Loo, limekuwa bichi kama jipya."

Mzee alikuwa amekwisha fika kwenye gari. Alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti, anapapasa, kama mtu anayetafuta kwa ulimi jino lililong'oka. Uso wake ulimshuka.

"Babu, nisamehe," alisema Chiku, anatazama viatu vyake. "Chaki kwetu sisi ni alama ya kunyoosha, na sikukumbuka kukwambia. Nimejaribu kuurudisha, umenishinda. Niambie liligonga kitu gani hasa, nikatafute kama hicho. Hata kama ni ng'ombe."

Bi Amira alianza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani na kujifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Ng'ombe," alisema. "Ndivyo alivyokwambia? Ng'ombe gani huyo, anauza karanga kivukoni?"

Akaingia ndani ya gari, akawasha, akarudi nyuma kidogo.

Mzee Haidari alimkabidhi Chiku fimbo na kofia. Akavuka barabara hadi kwa mama muuza chai, akaazima sinia, akarudi nalo amelishika kifuani. Akatoa zile karanga mbili mfukoni, akaziweka juu yake. Kisha akachechemea hadi mbele ya boneti, akasimama.

"Haya, mke wangu," alisema. "Piga honi kama siku ile. Na leo pia nitajifanya sisikii."