Simu Inayoona Vidole

Bi Mishi, kiziwi, alimsukumia Kheri, muuza simu, karatasi: "Nataka ya bei nafuu, inayoonyesha vidole vizuri."

Kheri akawasha ya kwanza, wakampigia kwa video mumewe Sudi, kiziwi mwenzake, aliyehamishiwa kazi mbali. Sudi akatikisa kichwa. Vidole vya mkewe vilikuwa ukungu mtupu. Ya pili iliganda kila mikono ilipokwenda mbio.

Kwa aibu kidogo, Kheri akatoa ya bei ya chini kabisa.

Safari hii Sudi alikunja uso, akauliza kitu kwa mikono. Bi Mishi akaficha mkono wa kushoto ndani ya buibui, akicheka mpaka machozi. Kisha akaandika: "Ameona sina pete! Niliivua nikikanda unga. Nipe hii hii."