Mdahalo wa Barakoa

Mafua mabaya yalipoingia msituni, wanyama walivaa barakoa za kitambaa, wakakutana kujadili kama zinafaa kitu.

Nyani, mbishi wa kuzaliwa, aliishusha yake kidevuni ili asikike vizuri. "Kitambaa ndicho tunachochujia chai, na chai hupita yote!"

Ngiri naye akaishusha yake, akafoka, "Chai hupita, majani hubaki!"

Kila aliyetaka kusema aliishusha, na wote walitaka kusema. Kalunguyeye mvivu tu ndiye aliyesinzia, barakoa imemfunika pua na mdomo.

Wiki iliyofuata msitu mzima ulikuwa unakohoa.

"Si niliwaambia?" Nyani alipiga chafya. "Tulivaa wote, tumeugua wote!"

"Mimi mzima, ndugu yangu," alisema Kalunguyeye. "Ila mimi sikuchangia hoja."